Siga zimeota ukungu, kisha zikapasuka: nizihifadhije nyumbani Dar es Salaam?

*Mdogo wangu alirejea kutoka masomoni Havana mwezi wa tatu, akaniletea makasha mawili ya siga, 25 katika kila kasha. Nimekusudia kuzitoa siku ya harusi ya binti yangu, mwishoni mwa mwaka ujao. Nilinunua sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo na sifongo ya kutia maji, nikaliweka sebuleni juu ya kabati la televisheni, na kila wiki nikaongeza maji kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Kipimo cha unyevu cha mshale kilichobandikwa ndani kinaonyesha 68, lakini mwezi wa tano niliona madoa meupe kwenye siga kadhaa. Jirani akanishauri nilihamishie sanduku kwenye friji na kutia vidonge vya naftalini pembeni. Wiki tatu baadaye siga sita zimepasuka jani la nje, na mbili zina tundu dogo la duara. Tunaishi karibu na bahari. Kiyoyozi kiko chumbani tu, nacho huwashwa usiku. Je, zimeharibika? Ni lazima ninunue kabati la umeme la kuhifadhia siga?*

Ndugu msomaji, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa kamba moja: la ukungu, la mpasuko na la tundu. Kila moja lina chanzo chake, na hakuna hata moja lililotokana na uzembe, maana ulifuata maelekezo. Tatizo ni kwamba maelekezo yale yaliandikwa kwa ajili ya mtu wa nchi za baridi, ambaye nyumba yake hupashwa moto miezi kadhaa kwa mwaka hadi unyevu wa hewa ya ndani unashuka kwenye asilimia 30 au chini yake. Mtu huyo asipoongeza maji, siga zake zitakauka kama kuni. Wewe unaishi kando ya Bahari ya Hindi, na maji ndiyo kitu pekee ambacho siga zako hazijapata kukikosa.

Kabla ya kueleza la kufanya, naomba tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Siga, ambayo baadhi ya wazee wa pwani waliiita biri, ni majani matupu ya tumbaku: kiini cha majani yaliyokunjwa, jani la pili linalokishika kiini, na jani la nje, jembamba na laini kuliko yote, ambalo ndilo sura yake. Hakuna karatasi wala kichungi. Na jani la tumbaku lililokaushwa halijamalizana na maji. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya tumbaku mkoani Tabora, na jambo hili mkulima wa kule hahitaji kufundishwa: jani lililotolewa banini, yaani kwenye kibanda cha kukaushia tumbaku, saa nane mchana huvunjika mkononi kama papadi, ilhali jani lilelile, likilala usiku mmoja kwenye hewa yenye umande, alfajiri hukunjika kama kitambaa. Hakuna aliyelimwagia maji. Limeyavuta lenyewe kutoka hewani, na jua likipanda litayarudisha. Ndiyo maana kazi ya kuchambua madaraja huanza mapema, kabla jani halijakakamaa.

Siga zako zinafanya vivyo hivyo usiku na mchana. Huvuta maji hewa ikiwa na unyevu mwingi kuliko zenyewe, na huyaachia hewa ikiwa kavu, mpaka pande zote mbili zilingane. Tunaposema siga ihifadhiwe kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, maana yake ni kwamba jani likilingana na hewa ya namna hiyo huwa na maji ya kulifanya likunjike bila kuvunjika, lakini si mengi kiasi cha kulisha ukungu. Juu ya asilimia 75 ukungu huanza kupata makao, na joto la pwani huuharakisha.

Hiyo asilimia, hata hivyo, huwachanganya wengi. Haielezi kiasi cha maji yaliyomo hewani, bali inalinganisha maji yaliyomo na kiwango cha juu kabisa ambacho hewa ya joto hilo inaweza kubeba. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi hubeba mvuke wa maji usiozidi gramu 17 hivi, na ikifika nyuzi 30 hubeba karibu gramu 30. Kwa hiyo hewa ya sebuleni kwako mchana, yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ina gramu 22 au 23 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ukiipoza hadi nyuzi 20 bila kuyaondoa maji yale, haina pa kuyaweka, na yanayozidi hugeuka matone. Ni jasho lilelile unaloliona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Shikilia picha hiyo ya chupa, kwa sababu ndiyo itakayotueleza siga zako zilipasukaje.

Sasa fanya nami hesabu moja ndogo ambayo wauzaji wa masanduku hawaigusi. Sanduku la lita 10 lililojaa hewa ya sebule yako lina gramu 0.2 hivi za maji hewani, matone machache tu. Siga 50, tukikadiria kila moja kuwa na gramu 12, ni gramu 600 za tumbaku, na kwa unyevu unaofaa tumbaku hiyo ina maji ya zaidi ya gramu 70. Ghala la maji ndani ya sanduku si sifongo wala hewa, ni siga zenyewe. Ukizifungia ndani ya chombo kisichopitisha hewa zikiwa na maji ya kiasi kinachofaa, zitajitunzia unyevu wao kwa wiki nyingi bila msaada wa mtu, hata joto la chumba likipanda na kushuka kidogo. Kinachoziharibu ni ufa wa kifuniko unaoruhusu hewa ya nje kuingia na kutoka kila saa, na kwenu hewa ya nje hailetei siga ukavu, inaziletea maji.

Hapo ndipo sanduku lako lilipokosea. Vifuniko vya kioo ni vigumu kuvifanya vizibe vizuri, kwa kuwa kioo na mbao havitanuki kwa kiasi kimoja, na mbao za pwani hutanuka. Ukitaka kuhakikisha, subiri giza, washa tochi ya simu, iweke ndani, funga kifuniko na uzime taa ya chumba. Kila mstari wa mwanga utakaouona ni mlango wa hewa ya Dar es Salaam, nawe juu yake ukawa unaongeza maji kila wiki.

Utaniuliza: mbona kipimo kilionyesha 68? Kwa sababu vipimo vile vya mshale, vinavyotolewa kama zawadi ndani ya sanduku, hukosea pointi kumi na zaidi bila aibu. Nunua kipimo kidogo cha dijitali, na hata hicho usikiamini mpaka ukijaribu kwa chumvi. Jaza kizibo cha soda kwa chumvi ya mezani, tonesha maji kidogo mpaka chumvi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha kiweke kizibo hicho pamoja na kipimo ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, ukihakikisha havigusani. Acha saa 12 au zaidi mahali penye joto lisilobadilika. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, iwe Oslo au Tandahimba. Kipimo kikionyesha 71, ujue kinasoma pointi nne chini, nawe utaziongeza kila unapokisoma. Jaribio hili haligharimu kitu, na bila hilo ushauri wote unaofuata ni kupiga ramli.

Tuje kwenye madoa meupe. Utawasikia watu wakisema kwamba unga mweupe juu ya siga ni dalili ya ukomavu, kwamba ni mafuta ya jani yaliyojitokeza na kuganda. Kwa niliyoyaona, kwenye pwani yetu dhana hiyo huwapa watu faraja wasiyostahili, na mara nyingi mno kilichopo ni ukungu. Ukungu huota kwa vidoa vya duara, una manyoya mafupi ukiutazama kwa lenzi, wakati mwingine una rangi ya kijani au buluu, na ukiufuta huacha alama kwenye jani. Itazame hasa ncha ya siga iliyo wazi, ile inayowashwa. Ukungu ukiwa juu ya jani la nje tu, na ni vidoa vichache, peleka siga nje ya nyumba, uufute kwa kitambaa kikavu na laini, na uitenge na nyingine kwa wiki kadhaa. Ukiuona kwenye ncha, umekwisha kuingia kwenye kiini, na siga hiyo itupe. Kuvuta moshi wa tumbaku ni hatari inayotosha. Hakuna sababu ya kuongeza kuvu juu yake.

Ushauri wa jirani ulitoka kwenye moyo mwema, lakini ndio uliozipasua siga. Friji ya kawaida hukausha hewa, kwa sababu maji ya hewani hugandia kwenye bomba lake la baridi na kumwagika nje. Sanduku lako linavuja, kwa hiyo jani la nje, lililo jembamba, lilianza kukauka na kusinyaa kwa haraka huku kiini kikiwa bado kimeshiba maji ya masika. Kisha kila ulipofungua friji kuzitazama, hewa ya jikoni ilizigusa siga baridi ikafanya jasho, kama ile chupa ya soda, na jani lile lile likalowa ghafla na kuvimba. Kusinyaa na kuvimba, kusinyaa na kuvimba, kwa wiki tatu. Jani la nje halina unyumbufu wa namna hiyo.

Kuhusu naftalini sitazunguka. Tumbaku hunyonya harufu kama mchele unavyonyonya harufu ya mafuta ya taa, na siga iliyoshika naftalini haina dawa. Inuse kila moja kwenye ncha. Zile zinazonuka zitupe, kwa maana kuchoma naftalini na kuivuta ni kuvuta sumu. Tena uitoe leo kwenye friji, uoshe rafu zote, na usiiweke tena karibu na chakula. Naftalini ni hatari zaidi kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ya nadra katika Afrika Mashariki, kwani huweza kuvunja chembe zao za damu. Karafuu, udi na mdalasini havina sumu ya namna hiyo, lakini navyo visikaribie sanduku: utazipa siga harufu ya chumba cha bibi harusi kabla ya siku yake.

Yale matundu mawili ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko mengine yote. Tundu la duara lenye upana wa milimita moja au mbili, kama limetobolewa kwa msumari mdogo, na unga laini wa kahawia chini yake, ni kazi ya fukusi wa tumbaku, ambaye wanasayansi humwita Lasioderma serricorne. Ni mdudu mwekundu wa kahawia, mwenye urefu wa milimita mbili au tatu. Anayekula siga ni funza wake mweupe, ambaye huchimba njia ndani kwa ndani bila wewe kujua, na tundu unaloliona ni la kutokea, yaani aliyekuwa ndani amekwisha kuwa mdudu kamili. Mayai yake yanaweza kuwa yalikuja na tumbaku yenyewe. Chini ya nyuzi 18 hivi hukua polepole mno au husimama kabisa, lakini kwenye nyuzi 30 kizazi kimoja hukipokeza kingine baada ya wiki chache. Ndiyo maana wenye siga hupenda joto la nyuzi 16 hadi 21, na ndiyo maana mimi husema kwamba unyevu wa kiasi unalinda siga dhidi ya ukungu, lakini joto la chini ndilo linalolinda kasha zima lisiliwe.

Zitenge zile mbili mara moja kwenye mfuko wake. Na nakuomba, kwa msisitizo wote nilio nao, usitumie vile vidonge vya kuhifadhia mahindi. Ghalani tulivitumia kwa vifaa, kwa mafunzo, na kwa jengo lililofungwa na kuhamwa. Gesi ya fosfini inayotoka humo huua watu waliolala chumba cha pili. Kwa siga 50 friza ya nyumbani inatosha. Zifunge siga kwenye mifuko miwili ya plastiki yenye zipu, mmoja ndani ya mwingine, ukiwa umekamua hewa yote; zilaze siku moja kwenye friji ya kawaida, kisha zihamishie kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku tano hadi saba, zirudishe kwenye friji siku nyingine, ndipo uzitoe nje. Mpito wa taratibu hupunguza mpasuko. Ukizitoa, usifungue mfuko hata kama mkono unawasha. Acha jasho lijifanye juu ya plastiki, na ufungue baada ya saa kadhaa, mfuko ukiwa hauna ubaridi tena. Friza iliyojaa samaki na inayofunguliwa kutwa mara ishirini huenda isifike baridi hiyo, basi tia kipimajoto kwanza.

Lakini usizigandishe kabla ya kujua zina maji kiasi gani, kwa kuwa siga iliyolowa hupasuka zaidi kwenye baridi. Utaratibu wangu ungekuwa huu. Kwanza zitoe kwenye friji zikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, zipate joto la chumba bila jasho. Kisha zihamishie kwenye chombo cha plastiki cha chakula, kipya na kisicho na harufu, chenye mfuniko wa mpira unaobana kwa klipu, ukiweka ndani kile kipimo ulichokijaribu kwa chumvi, na uziache siku tatu bila kufungua. Kwa kuwa tumbaku ndiyo ghala la maji, hewa ya ndani italingana nayo, na namba utakayoisoma itakuwa habari ya siga zenyewe. Ikiwa kati ya 62 na 70, zina afya. Ikiwa chini, usizimwagie maji, zirudi zenyewe polepole kwa njia nitakayoitaja. Ikiwa juu ya 72, jambo ninalolitarajia kwa kiini chenye maji ya masika, itakubidi uzikaushe.

Kukausha nako hakuhitaji mashine. Kiyoyozi cha chumbani kikifanya kazi huondoa maji hewani pamoja na joto, na chumba kilichofungwa kwa nyuzi 24 mara nyingi hushuka hadi unyevu wa asilimia 55 au 60. Kila usiku kiyoyozi kikiwashwa, fungua makasha na uyaweke mezani, mbali na upepo wake wa moja kwa moja; asubuhi kabla hakijazimwa, yarudishe kwenye chombo. Mimi hupima kasha zima kwa mizani ya jikoni ya dijitali kila asubuhi na kuandika uzito kwenye kipande cha karatasi ndani ya mfuniko. Gramu zinazopungua ni maji, hakuna kingine cha kupungua. Kwa kasha la siga 25 zilizolowa huenda ukaona gramu kumi hadi ishirini zikiondoka kwa muda wa wiki moja au mbili. Usiharakishe, maana jani la nje hukauka kabla ya kiini, na haraka ndiyo iliyokufikisha hapa.

Baada ya hapo ndipo unapoamua zikae wapi, na hili ndilo swali lako la pesa. Kwa makasha mawili na muda wa mwaka mmoja na nusu, kabati la umeme si lazima. Lenye kompresa hukausha na kupoza kwa vipindi, na namba zake hupanda na kushuka. Lisilo na kompresa ni tulivu zaidi, lakini mara nyingi haliwezi kushuka zaidi ya nyuzi kumi na kitu chini ya joto la chumba, na umeme ukikatika mchana wa Februari linakuwa kabati tu. Ukiwa na siga mia tatu za thamani kubwa, nitakushauri vingine, na hata hapo ningeziweka ndani ya kabati zikiwa kwenye vyombo vilivyozibwa.

Chombo ninachokipendekeza kwako utaniona nafanya mzaha: deli, lile sanduku la plastiki lenye kuta nene ambamo wauza maji baridi na aiskrimu hutia barafu. Nunua jipya lenye mfuniko unaobana, lioshe kwa maji na magadi, liache wazi juani mpaka harufu ya plastiki iishe kabisa, hata kama ni wiki mbili. Kuta zake hazipoozi kitu, zinachelewesha joto tu, lakini kuchelewesha ndiko unakokuhitaji: joto la sebule likipanda kutoka nyuzi 26 hadi 31 kati ya asubuhi na alasiri, ndani ya deli lililojaa badiliko hilo hufika likiwa limechoka. Weka humo makasha ya asili, usizitoe siga, kwani mbao zake husaidia kushika na kuachia maji. Usitie barafu. Wala usifikirie mtungi wa udongo; mtungi hupoza kwa maji yanayovukizwa, na hewa ya pwani iliyoshiba maji hairuhusu mvukizo wa kutosha.

Badala ya sifongo tumia pakiti za kudhibiti unyevu, zile zenye mchanganyiko wa maji na chumvi ndani ya utando unaopitisha mvuke, Boveda zikiwa ndizo maarufu. Kanuni yake ni ileile ya kizibo cha soda: mchanganyiko huo huachia maji hewa ikikauka na kuyavuta hewa ikizidiwa, mpaka namba iliyoandikwa ifikiwe. Huuzwa kwa namba 62, 65, 69, 72 na nyinginezo. Kwa deli lililozibwa, na kwa joto lako, chukua 65, na usishawishike na 72, ambayo hutengenezewa hasa masanduku ya mbao yanayovuja katika nchi kavu. Pakiti kubwa ya gramu 60 huhesabiwa kwa siga 25, basi mbili zinakutosha. Ikiwa ngumu kama biskuti imeishiwa. Ikivimba kama chapati ya maji imekunywa kupita kiasi, nayo ni taarifa kwamba mfuniko wako unavuja. Maji ya bomba usiyaingize kabisa, na maji ya betri ya kituo cha mafuta ndiyo usiyaguse, kwa kuwa chupa ya maji na chupa ya asidi ya betri hufanana.

Deli likae chumbani kwenye kiyoyozi, chini kabisa ya kabati la nguo, mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Kwa kiyoyozi cha usiku peke yake huenda ukapata wastani wa nyuzi 25 au 26. Si joto bora, sitakudanganya, na katika joto hilo siga hukomaa haraka na harufu yake ya awali hupungua mapema kuliko kwenye nyuzi 18. Lakini siga zilizokwisha kugandishwa, zenye unyevu wa 65 na zisizopata hewa ya nje, zinaweza kuvuka mwaka na nusu katika hali hiyo zikiwa salama. Lifungue deli mara moja kila baada ya wiki mbili kwa dakika chache, usiku kiyoyozi kikiwaka, kamwe si alasiri ya masika madirisha yakiwa wazi.

Huenda fundi seremala akajitolea kukutengenezea sanduku zuri. Mbao inayotumika kwa kazi hiyo ulimwenguni ni ya mti wa Cedrela odorata, ambao si mwerezi wa kweli bali ni wa jamaa ya mkangazi. Umepandwa Tanzania, na katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umeenea hadi kuwa kero kwa miti ya asili. Fundi akikuletea mwangati kwa sababu unanukia, mshukuru na ukatae, maana mafuta yake yataingia kwenye tumbaku. Na sanduku lolote zuri litakuwa la kuonyesha siku ya harusi, siga zihamishiwe humo asubuhi yake.

Msomaji wa Arusha au Nairobi aliyefika hadi hapa ajue kwamba yeye ana joto zuri la bure, na kazi yake ni kuzuia ukavu wa Januari na Februari, kwa pakiti ya 69. Aliyeko Muscat, anayeishi ndani ya kiyoyozi mwaka mzima, anafanana zaidi na yule mtu wa nchi za baridi niliyemtaja mwanzo.

Kuna mambo ambayo hayatatuliwi kwa barua. Ukiona matundu mapya baada ya kugandisha, au ukungu ukirudi kwenye siga nyingi, peleka kasha kwa muuzaji wa siga mwenye chumba maalumu cha kuhifadhia, alitazame kwa macho, na umwambie kwanza kwamba lina fukusi ili asiliingize ndani. Mtoto akitafuna siga, hata kipande, mpeleke hospitali bila kusubiri dalili, kwa sababu siga moja ina nikotini nyingi kuliko sigara ya kawaida. Deli liwe na kufuli. Ikiwa aliyefuta ukungu ana pumu na kifua kikaanza kumbana, amwone daktari. Nami sitaki uhifadhi mzuri ueleweke kama kinga: siga iliyotunzwa vizuri husababisha saratani ya mdomo na koo sawa na iliyotunzwa vibaya, na wageni wako wana haki ya kulijua hilo.

Zile sita zilizopasuka, kama hazina ukungu kwenye ncha wala harufu ya naftalini, usizitupe. Zigandishe pamoja na nyingine, kisha ziweke juu kabisa ndani ya deli ziwe sampuli zako. Kila unapofungua, chukua moja, ibonyeze taratibu kwa dole gumba na kidole cha shahada karibu na sikio. Ikirudi polepole bila sauti, zote za chini yake ni salama. Ikilia kama majani makavu, pakiti zako zimeisha. Ikibaki na alama ya kidole kama mkate wa jana, kuna maji yanaingia, nawe utafute ufa kwa tochi kabla hujagusa hata moja ya zile za harusi.